Kwa Nini Idrisa Alinyamaza

Mwaka ule mvua za El Nino zilipokatika na kuacha barabara ya Likoni mashimo matupu, ugomvi mkubwa wa Kona ya Musa, pale Ukunda, ulikuwa juu ya mwanamume mmoja aitwaye Idrisa, ambaye hata hakuwa mtu wa kweli. Alikaa ndani ya televisheni ya Immaculate mwenye hoteli ya chakula, iliyofungiwa kwenye kisanduku cha nondo juu ya friji ya soda, na kila Jumapili saa kumi za jioni alitoka humo kuwapandisha presha watu wazima wenye akili zao. Mchezo wenyewe uliitwa Pazia la Tamima. Ukipita Ukunda saa hizo ukakuta kinyozi amefunga na cherehani zimenyamaza, ujue watu wote wako kwa Immaculate.

Kwa asiyeujua, Idrisa alikuwa seremala aliyeoa mwanamke mzuri kupita kiasi, akaja kugundua kuwa ni jini, na akampenda vivyo hivyo. Mama yake hakupenda. Alikwenda kwa mganga akapewa hirizi, akaishona ndani ya godoro la maharusi, kwamba Tamima akililalia atatoweka asionekane tena. Idrisa alimwona mama yake akishona, kupitia upenyo wa mlango, na hakusema kitu. Usiku alimwambia mkewe kitanda kimeingia kunguni, walale sebuleni kwenye mkeka. Kesho yake kunguni tena. Kesho kutwa kunguni wale wale, mpaka Jumapili hii Tamima alipochukua kisu, akalipasua godoro, akaikuta hirizi, akaiweka juu ya mto wa mumewe na kuondoka bila kumwamsha.

Basi kazi ikaanza. Picha ilipokatika na matangazo ya sabuni kuingia, hoteli nzima ilikuwa inasema kwa pamoja. Musyoki, askari wa lango katika hoteli moja ya watalii kule Diani, mtu mwenye kifua kipana na maoni mapana zaidi, alisema Tamima hana shukrani. Mume amelala chini wiki nzima, mgongo unamuuma, yote hayo kwa kumwokoa yeye, halafu anajiendea zake. Boga alitikisa kichwa kwa masikitiko. Alikuwa fundi cherehani wa pale pale Kona, Mdigo aliyezaliwa Ukunda, na kwa mambo ya majini alijihesabu mwenye mamlaka. Alisema ingekuwa vyema watu wa bara waache kuwasemea majini wasiowajua. Jini hana haja ya kuepushwa na godoro, bali alichotaka yule mwanamke ni kuambiwa.

"Aambiwe nini?" Musyoki aliuliza. "Kwamba mama mkwe anataka kummaliza?"

"Naam, bwana. Hilo hilo."

Kwa kawaida Syovata ndiye angekuwa msemaji mkuu hapo. Alikuwa mpishi wa hoteli ile, binti wa Mzee Ngui wa mashamba ya Shimba Hills, msichana mwembamba mwenye macho makubwa na mdomo usiochoka, na mapenzi yake na Duncan yalianzia kwenye ubishi huu huu. Duncan alikuwa fundi wa stima Diani. Alikuja siku moja kurekebisha waya wa televisheni, akabaki kutazama, akasema Tamima alimpenda Idrisa kwa kumhurumia tu. Syovata alitoka jikoni na mwiko mkononi kuja kumkosoa. Jioni ile Duncan alimsindikiza mpaka kwenye chumba Syovata alichopanga, wakibishana njia nzima, akaishia mlangoni, msiwaze mengine. Jumapili iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na nyingine, mpaka watu wakaona kwamba hawa wawili wanamzungumzia Tamima muda mrefu kuliko Tamima mwenyewe anavyoonekana kwenye picha.

Leo Syovata alinyamaza. Kwenye meza ya dirishani alikuwa ameketi mama yake Duncan, Nereah, ambaye wote walimwita Mama Johnstone kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa amekuja kwa basi kutoka Ahero, kwa Wajaluo upande wa Kisumu, safari ya kuvunja kiuno, kwa jambo moja tu: kumwona msichana. Akiridhika, Jumamosi wazee wangepanda Shimba Hills na mbuzi wa ntheo, na kwa Wakamba mbuzi hao wakishachinjwa na kuliwa, msichana ni mke wa mtu, padri atakuja na mambo yake baadaye. Asiporidhika, basi hapana Jumamosi. Duncan alikuwa amelisema hilo wazi. Baba yake alikwisha kufa, kaka yake Johnstone alikwisha kufa, aliyebaki ni mama, na hawezi kwenda kuposa huku mama amenuna. Syovata alimwelewa. Wiki nzima alikuwa akilala na kuamka akimwomba Mungu ampe kibali machoni pa mama huyu.

Asubuhi ile alikuwa amekwisha kuteleka sufuria ya samaki wa wateja pale Duncan alipoingia jikoni, akamwambia avue aproni. Alisema leo yeye ni mgeni, amechoka, apumzike, Immaculate atampikia mama mwenyewe kwa sababu ni mtu wa kwao na anajua anavyopenda. Syovata alisikia raha mpaka akaona haya. Tangu azaliwe hakuna mwanamume aliyewahi kumwambia apumzike. Alikwenda kuoga, akavaa gauni la bluu aliloshonewa na Boga, akarudi kukaa mezani kama binti wa watu, mikono mapajani. Alimwamkia Mama Johnstone shikamoo kwa kuinama, na mama akaitikia marahaba kwa sauti nzuri, akamwuliza habari za baba na mashamba. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kuliko alivyothubutu kuomba.

Kuhusu Immaculate nitasema hivi: alikuwa mwanamke wa maana, mwenye kicheko cha kusikika mpaka stendi, lakini mbele ya Tamima hakuwa na akili. Alikuwa amewaweka samaki wa Mama Johnstone kwenye kikaango, mafuta yamepata moto, kila kitu sawa. Tamima aliposhika kisu, Immaculate alisogea mlangoni achungulie kidogo. Alichungulia mpaka mwisho. Harufu ndiyo iliyomrudisha jikoni mbio, na waliokaa karibu walimsikia akiliambia jiko maneno ambayo mwanakwaya hayasemi Jumapili. Baada ya muda alitoka na sahani iliyofunikwa, uso umejaa tabasamu, akaitua mbele ya mgeni.

Syovata aliitazama sahani ilipofunuliwa. Vipande vya samaki changu vilivyokatwa mshazari, embe bichi, tui zito lenye bizari. Alimtazama Immaculate, na Immaculate akamkonyeza. Alikuwa amechota kwenye sufuria ya Syovata ya asubuhi. Syovata aliuma mdomo asicheke.

Mama Johnstone alikula. Alianza taratibu kama mtu anayechungua, kisha akaacha kuchungua. Alikifyonza kichwa cha samaki mpaka kikabaki mifupa mitupu, akamega ugali akaifuta sahani, na alipoinua uso ulikuwa umelegea kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi.

"Immaculate, nani alikufundisha kupika na nazi namna hii?"

Immaculate alicheka akasema pwani inafundisha mengi. Syovata hakujitaja, kwa sababu alitaka Duncan ndiye aje aseme baadaye, kwa majivuno, kwamba mama, yule samaki uliyemsifu ni wa mke wangu. Alimtafuta kwa macho. Duncan alikuwa ameegemea ukuta akimtazama mama yake akila, uso umetulia, mtu aliyetua mzigo mzito. Jinsi Syovata alivyompenda wakati ule, hata yeye mwenyewe asingeweza kueleza.

Hapo ndipo Musyoki, aliyekuwa anashindwa na Boga na hataki kukubali, alipogeuka kutafuta msaada. Akamwuliza fundi wa stima anasemaje, maana wao wanaume wanajuana.

"Nyinyi mnamwonea Idrisa," alisema Duncan. "Ana watu wawili anaowapenda. Akimwambia mke, mke atamchukia mama. Akimkataza mama, mama atasema, si unaona, mwanangu amelogwa kweli. Sasa afanye nini? Anasema kitanda kina kunguni. Ni uongo mdogo, haumuumizi mtu. Mke analala salama na mama anatulia. Baadaye mama akishamzoea mke, hirizi inatolewa polepole na hakuna aliyeaibika."

"Na mke asijue maisha yake yote?" Boga aliuliza.

"Akijua itamsaidia nini?"

Syovata hakuwa amekusudia kuingia. Lakini mchezo ule alikuwa anaujua neno kwa neno, na neno lililozidi lilimkwama sikioni.

"Hiyo ya mama kumzoea mke haimo," alisema. "Idrisa hakusema hivyo popote."

"Nasema nilivyomwelewa."

"Hakusema, Duncan. Kunguni alisema. Kwamba ngoja mama azoee, hapana."

Duncan alicheka kidogo na kutazama viatu vyake. Kilikuwa kicheko kifupi mno. Syovata alimjua mwanamume huyu akibishana. Alikuwa haachi, alikuwa anakufuata mpaka mlangoni na hoja nyingine. Leo ameacha haraka, na hilo lilimtia wasiwasi ambao hakuujua unatoka wapi.

Mama Johnstone alijifuta mikono kwa leso. Alisema yeye picha hii hajaiona kabla ya leo, na majini yeye hawajui, kwao hawana. Lakini katika watu wote waliotajwa, huyo mama wanayemtukana ndiye peke yake anayemwelewa.

"Mimi nilikuwa na Johnstone," alisema. Sauti yake haikuwa na hasira. "Alifanya kazi huku Diani, weita, kijana wa kucheka. Akapata mwanamke. Hatukumjua, hatukujua kwao wala mama yake. Akawa anakula kwa huyo mwanamke. Akarudi nyumbani kwangu amekonda, kijiko hawezi kushika, nikawa namlisha uji kama nilivyomlisha akiwa mtoto. Wengine walisema kifua, wengine walisema ni ugonjwa wa siku hizi. Ninachojua mimi, alitoka kwangu mzima akarudi amelishwa kitu."

Boga alisema pole kwa sauti ya chini, na mama akaipokea kwa kichwa. Kisha akamgeukia Syovata, akamtazama kwa macho ya mtu anayesema na mkubwa mwenzake.

"Ndiyo maana sikutaka kukuficha, mwanangu. Nilimwambia Duncan kabla sijapanda basi. Nitakwenda kumwona, nitaongea naye, nitamsikia. Lakini chakula cha mkono wake sitakula mpaka nimjue. Watu wa kwenu, Wakamba, wanasemwa mambo ya dawa, labda ni uongo, mimi sijui. Naogopa tu. Duncan akasema sawa, atakueleza."

Musyoki, Mkamba wa Machakos, alikohoa kwa nguvu na kufungua mdomo. Immaculate alimkanyaga mguu chini ya meza. Uso wake Immaculate ulikuwa umebadilika kabisa. Yeye alikuwa ameambiwa kwamba mama amezoea mapishi ya kwao, basi, na sasa alikuwa anaitazama ile sahani tupu kama inaweza kusema.

Syovata alitabasamu, kwa heshima tu, na Mungu anajua tabasamu lile lilitoka wapi. Akasema sawa mama, nimesikia. Akainuka polepole, akapita jikoni, akatokea uani penye pipa la maji na rundo la makumbi ya nazi. Jua lilikuwa bado kali. Alisikia hatua nyuma yake na hakuhitaji kugeuka.

"Kwa hiyo sikuwa nimechoka," alisema.

"Syo, nisikilize."

"Ulivyosema nivue aproni, nilikwenda kuoga naimba. Unajua hilo? Nimekaa pale na gauni jipya nafurahi kwamba nimepata mtu anayeihurumia mikono yangu."

"Ningekuambia nini? Kwamba mama yangu anadhani utamroga? Ningelitoaje hilo mdomoni?"

"Hivyo hivyo ulivyolitoa sasa. Ningelia. Baadaye ningenyamaza, nikafikiri, nikajua nikae vipi mbele yake. Mama wa watu alidhani najua. Amekaa na mimi siku nzima akidhani ninajua na nimekubali."

Duncan alisogea. Alikuwa na namna yake ya kuinamisha kichwa anapoomba msamaha, na siku nyingine namna hiyo ingetosha. Alisema alifanya kwa ajili yao wote wawili. Alisema mama hajapona tangu Johnstone azikwe, hali vizuri, halali, anaota. Alisema Jumamosi imekaribia na hakutaka neno moja liiharibu. Yote yalikuwa kweli, na Syovata alimwonea huruma, huruma iliyochanganyika na mapenzi mpaka asijue ipi ni ipi. Akaona amwambie.

"Yule samaki ni wangu."

"Samaki gani?"

"Aliyekula mama. Wa Immaculate waliungua, alikuwa anamtazama Tamima. Amechota kwenye sufuria yangu ya asubuhi."

Nakwambieni, mambo makubwa hupita kwa mtu kwa dakika ndogo sana. Kabla Duncan hajasema neno, macho yake yalimtoka Syovata yakakimbilia mlango wa jikoni, yakapenya mpaka ndani, kwenye meza ya dirishani, kumtafuta mama yake kama bado ameketi wima. Mama alikuwa ameketi wima. Alikuwa anakunywa chai na kumsikiliza Immaculate. Macho ya Duncan yakarudi, na sasa yalikuwa na nuru.

"Basi mambo yameisha," alisema, akamshika mikono yote miwili. "Amekula, ameshiba, amesifu mbele za watu. Kuna nini tena? Usiseme kitu, Syo. Mwambie Immaculate naye asiseme. Jumamosi ipite, mbuzi waliwe, uingie kwetu kwa amani. Tutakuja kumwambia siku nyingine, tukiwa na watoto, atacheka mwenyewe."

Mikono yake ilikuwa na joto, na alama za waya vidoleni, alama ambazo Syovata alizijua moja moja. Asingesema uongo, maana hakuna aliyemwuliza. Angenyamaza tu, na Jumamosi baba yake angevaa koti lake la harusi za watu na wanawake wa Shimba Hills wangepiga vigelegele. Alikitaka kitu hicho. Alikitaka mpaka kikamuuma kifuani, na kwa muda aliacha mikono yake ikae pale ilipo.

"Ulimtazama mama yako," alisema.

"Lini?"

"Nilipokwambia. Ulimtazama kama yuko mzima."

"Ana umri, Syo. Nilishtuka tu."

"Ulishtuka nini? Changu na nazi? Wewe umekula kwa mkono wangu mwaka mzima."

Syovata alichomoa mikono yake bila kuivuta, akapanguza uso kwa kiganja, akaingia ndani.

Wale wapenzi wa Tamima walikuwa wamerudia ubishi wao kwa sauti za chini, maana mtu hawezi kukaa na msiba wa mwenzake bila kutafuta pa kukimbilia. Boga alikuwa anasema kwamba Idrisa hakumficha mkewe kwa sababu ya mama, alimficha kwa sababu na yeye moyoni alikuwa na shaka kidogo. Alinyamaza alipomwona Syovata. Syovata alivuta kiti, akaketi uso kwa uso na Mama Johnstone, akaweka mikono yake juu ya meza ionekane.

"Mama," alisema, "samaki uliyekula nimempika mimi. Wa Immaculate waliungua. Yeye hakujua kwamba hutaki kula chakula changu, na mimi sikujua. Sasa najua, na siwezi kukaa na jambo hili moyoni."

Mkono wa Mama Johnstone uliokuwa na kikombe ulisimama hewani. Ukakitua kikombe, ukaenda tumboni, ukabaki hapo. Immaculate alianza kujitetea, mara kwa Kiswahili mara kwa lugha ya kwao, na mama hakumsikiliza. Alikuwa anatazama juu ya bega la Syovata, pale mlangoni ambapo mwanawe alikuwa amesimama.

"Duncan. Ulijua nikila?"

Syovata hakugeuka. Alikuwa anayatazama makunyanzi ya mkono wa yule mama huku akisubiri. Duncan angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba nimekula kwake mwaka mzima, mama, nitazame nilivyo. Angeweza kusema kosa ni langu. Hata angesogea tu akasimama karibu na kiti, ingetosha, maana anayekupenda husomwa hata kwa mahali aliposimama.

"Sikujua, mama," alisema Duncan. "Haki ya Mungu sikujua. Mimi nilimwambia asipike."

Kila neno lilikuwa la kweli. Hakuna hata moja ambalo Syovata angeweza kulipinga, na ndiyo yaliyomchoma kuliko yote aliyowahi kuambiwa. Aliendelea kumpenda. Hilo ndilo lililokuwa baya, kwamba mapenzi hayakuondoka kwa adabu. Yalibaki pale pale yakimkodolea macho.

Mama Johnstone alimtazama mwanawe muda mrefu. Kisha akamrudia msichana.

"Uliweka nini?"

"Nazi, embe bichi, nyanya, bizari, chumvi. Nilipikia watu wote, mama. Sikujua ni nani atakula."

"Nipe maji."

Immaculate aliruka, na mama akamzuia kwa kiganja. Akasema huyu ndiye alete. Syovata alikwenda kwenye pipa la ndani, akachota, akaleta bilauri kwa mikono miwili. Mama aliyatazama maji, kisha akanywa. Alikunywa yote akaitua bilauri.

"Ungeweza kuninyamazia," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mbona umesema?"

"Jumamosi ungekaa kwa baba yangu ukiogopa kugusa sahani, na mimi ningekuwa nakutazama najua umekwisha kula. Nisingeweza kukutazama hivyo. Umeniambia habari za Johnstone."

Jina lile likamfanya mama afumbe macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi, na hakuyaficha.

"Bado naogopa," alisema. "Sitakudanganya. Leo usiku nitalala nasikiliza tumbo langu. Lakini nikiamka mzima, Jumamosi tutakuja kwa baba yako. Umesikia? Tutakuja."

Hoteli nzima ilishusha pumzi. Boga alisema alhamdulillahi, Musyoki akaipiga meza kwa kiganja, na Immaculate akaanza kulia waziwazi na kujifutia aproni. Duncan alitoka pale mlangoni, akasogea. Alikuwa anatabasamu, tabasamu lile lile la siku ya waya, na akaja kusimama nyuma ya kiti cha Syovata, akamwekea mkono begani mbele ya watu wote.

"Utaamka mzima, mama," alisema Syovata. "Na karibu kwa baba yangu siku yoyote, nitakupikia, ukila au usipokula. Lakini Jumamosi mbuzi wasije."

Mama Johnstone alishangaa. "Nimekukosea? Yale ya dawa?"

"Wewe hujanikosea. Uliniambia unaniogopa, ukanitazama machoni ukisema. Hayo tumeyamaliza." Alivuta pumzi. Sauti yake ilikuwa inaanza kumvunjika na alitaka amalize kabla haijavunjika. "Na huyu pia aliniogopa, mama. Yeye hakuniambia."

Mkono wa Duncan ulikuwa bado begani mwake, na Syovata alikaa akingoja autoe mwenyewe.